Wizara za Marekani: usitafute mantiki, tafuta tarehe

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Marekani, kazi ya kupitia makaratasi yake iliniangukia mimi. Ada ya kwanza ililipwa Wizara ya Usalama wa Ndani, kwa ajili ya mfumo wa kompyuta unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Ada ya pili, ya visa yenyewe, ikaenda Wizara ya Mambo ya Nje. Ubalozi ukatoa visa, huku ukisisitiza kwamba visa si ruhusa ya kuingia nchini. Ruhusa hutolewa na ofisa wa forodha na mipaka pale uwanja wa ndege, naye yuko chini ya Usalama wa Ndani tena. Alipopata kibarua cha maktaba chuoni, namba ya hifadhi ya jamii aliiomba kwenye ofisi isiyo chini ya wizara yoyote, na mwaka ulipoisha fomu ya kodi ikaenda kwa watu wa Wizara ya Fedha. "Mjomba," akaniandikia, "hivi hawa watu wana serikali moja au nne?"

Alikuwa anatania, ila swali lake lilinifanya nianze kusoma, na hadi leo sijaacha. Mchoro rasmi wa serikali ya shirikisho ya Marekani unaonyesha wizara 15 zimejipanga sawia chini ya Rais, na pembeni yake msururu wa mamlaka na tume zisizo na wizara. Ukiutazama harakaharaka utadhani kuna kamati iliketi siku moja ikagawa kazi. Haikuketi. Kila kisanduku kina mwaka wake, na kila mwaka una hofu yake, kashfa yake au vita vyake. Siku hizi mtu akiniuliza kwa nini jambo fulani liko wizara fulani, sihangaiki kutafuta mantiki. Natafuta tarehe.

Uhamiaji ndio mfano ninaoupenda, maana ofisi hiyo imehamahama kuliko wahamiaji wenyewe. Sheria ya mwaka 1882 iliweka tozo ya senti 50 kwa mgeni aliyeshuka melini, na mwenye kazi ya kukusanya tozo bandarini ni ofisa wa forodha. Basi wageni wakawekwa chini ya Wizara ya Fedha. Ofisi kamili ya uhamiaji ilianzishwa 1891, na kituo cha kisiwa cha Ellis kilipofunguliwa New York Januari 1892, mgeni aliyepanga foleni pale hakuwa mbali sana na bidhaa machoni pa serikali: kitu kinachoingia bandarini na kutozwa. Mwaka 1903 ikaundwa Wizara ya Biashara na Kazi, uhamiaji ukapelekwa huko. Wizara hiyo ilipogawanywa vipande viwili mwaka 1913, uhamiaji ulikwenda upande wa Kazi. Sasa mgeni ni kibarua, na kinachoiumiza kichwa serikali ni kama atawashushia wenyeji mishahara.

Halafu ikaja vita. Waziri wa Kazi miaka hiyo alikuwa Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika historia ya nchi hiyo. Mwaka 1939 ililetwa hoja bungeni ya kumng'oa, kosa lake likiwa kutoharakisha kumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari, mzaliwa wa Australia, aliyeshutumiwa kuwa mkomunisti. Hoja haikufika popote. Lakini Juni 1940, mwezi ule ule Wajerumani walipoingia Paris, Rais Franklin Roosevelt aliuhamishia uhamiaji Wizara ya Sheria, waliko waendesha mashtaka na FBI. Kabla mwezi haujaisha ikapitishwa pia sheria ya kuwasajili wageni na kuchukua alama zao za vidole. Yule kibarua sasa akawa mtu wa kushukiwa ujasusi. Mgeni ni yule yule, ametoka kule kule. Kilichobadilika ni mlango wa ofisi anayoitwa.

Wizara ya Sheria ilikaa nao zaidi ya miaka 60, hadi mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kuna tukio moja la baada ya hapo ambalo kila ninapolikumbuka nashindwa kujua nicheke au nisikitike. Machi 2002, nusu mwaka baada ya mashambulizi, chuo cha urubani kule Venice, Florida, kilipokea barua kutoka idara ya uhamiaji zikithibitisha kwamba Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Hao ndio waliozirusha ndege mbili dhidi ya majengo pacha ya New York. Maombi yao yalikuwa yameidhinishwa katikati ya 2001. Karatasi ndizo zilizochelewa. Idara iliyotuma barua hizo haikupona. Sheria ya kuunda Wizara ya Usalama wa Ndani ilitiwa saini Novemba 2002, na Machi 1, 2003 idara ya zamani ya uhamiaji ikafa na kugawanywa vipande vitatu: kimoja kinalinda mipaka, kingine kinawasaka na kuwafukuza waliomo ndani, na cha tatu kinashughulikia maombi ya ukaazi na uraia. Mfumo ule aliolipia mpwa wangu ulikuwa umeagizwa na Bunge tangu 1996 na kusuasua kwa miaka. Baada ya barua za Florida haukusuasua tena. Mwaka 2003 ulikuwa unafanya kazi.

Kipande kimoja hakikuhama. Mahakimu wa uhamiaji waliachwa Wizara ya Sheria, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tukisoma habari za watu waliofikishwa "mahakamani" wafukuzwe. Hakimu yule hayumo katika mhimili wa Mahakama. Ni mwajiriwa wa Mwanasheria Mkuu, ambaye ni waziri, na ambaye kwa kanuni anaweza kuichukua kesi iliyokwisha kuamuliwa kwenye rufaa ya ndani akaiamua upya mwenyewe. Wakili wa serikali katika chumba hicho hicho anatoka Usalama wa Ndani. Wizara moja inashtaki, nyingine inahukumu, na zote mbili ziko chini ya Rais mmoja.

Nyingi ya wizara 15 zina kisa cha namna hii, ingawa si zote zina kisa kizuri. Tatu za kwanza ziliundwa 1789: Mambo ya Nje, Vita na Fedha, pamoja na ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambaye hakupewa wizara ya kuongoza hadi 1870. Mambo ya Ndani ilikuja 1849. Msomaji wa Kiswahili atarajie kushtuka hapa, kwa sababu wizara hiyo haishughuliki na polisi wala magereza kama tulivyozoea. Kazi yake ni ardhi ya umma, hifadhi za taifa, madini na uhusiano na mataifa ya wenyeji asilia. Kilimo ni ya 1862, Nyumba na Miji ya 1965, Uchukuzi ya 1966, Nishati ya 1977, Elimu ya 1979. Umri huu si pambo. Rais, Makamu, Spika na kiongozi wa muda wa Seneti wote wakikosekana, urais unakwenda kwa mawaziri kwa mpangilio wa umri wa wizara zao. Waziri wa Usalama wa Ndani, mwenye mojawapo ya wizara kubwa kuliko zote kwa idadi ya watumishi, ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Ukishashika ufunguo wa tarehe, mambo yanayoonekana kama kichekesho yanaanza kueleweka. Vichwa vya nyuklia vya Marekani husanifiwa, hutengenezwa na kukarabatiwa chini ya Wizara ya Nishati, wala si ya Ulinzi. Sababu ni sheria ya 1946: mwaka mmoja baada ya Hiroshima, Bunge liliamua atomu isibaki mikononi mwa majenerali, likaunda tume ya kiraia. Tume ilivunjwa miaka ya sabini, uhaba wa mafuta ukazaa Wizara ya Nishati, na urithi wa tume ukaingia humo, mabomu yakiwemo. Secret Service, wale wenye miwani myeusi na vifaa vya sikioni, walianzishwa 1865 ndani ya Wizara ya Fedha kupambana na noti bandia. Rais McKinley alipouawa 1901 ndipo wakapewa kumlinda Rais moja kwa moja, na bado wakaendelea kukaa Fedha zaidi ya miaka 100 wakifanya kazi mbili zisizo na undugu.

Chakula ndicho kinachonifurahisha zaidi. Pizza ya kugandishwa yenye jibini pekee inasimamiwa na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliyo ndani ya Wizara ya Afya. Weka juu yake vipande vya soseji ya pepperoni na pizza hiyo inahamia Wizara ya Kilimo. Sandwichi ya nyama yenye mikate miwili ni ya FDA. Ikiwa na mkate mmoja, nyama ikikaa wazi juu, ni ya Kilimo. Si utani mtupu, kwa sababu usimamizi wenyewe hautoshani: machinjio hayawezi kuchinja bila mkaguzi wa Kilimo kuwepo, na kiwanda cha nyama iliyosindikwa hutembelewa kila siku ya kazi, ilhali kiwanda kilicho chini ya FDA kinaweza kukaa miaka bila kukaguliwa. Chanzo? Juni 30, 1906, Theodore Roosevelt alitia saini siku moja sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa chakula na dawa. Zote mbili zilikuwa chini ya Kilimo, katika ofisi mbili tofauti. Mwaka 1940 ofisi ya chakula na dawa ilihamishwa, ya nyama ikabaki. Tangu hapo pizza ina mabwana wawili.

Mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angeweza kulinyoosha hili mchana mmoja. Mbona halinyooshwi?

Jibu lake ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na nadhani ndilo kiini cha mambo yote haya. Tunaiona wizara kama mkono wa Rais. Huko Marekani Rais humteua waziri, Seneti humthibitisha, lakini wizara yenyewe ni mtoto wa Bunge. Congress ndiyo inayoiunda kwa sheria, ndiyo inayoipa fedha mwaka kwa mwaka, na ndiyo pekee inayoweza kuifuta. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 Bunge liliwaazima marais mamlaka ya kupanga upya ofisi bila kusubiri sheria mpya. Ndivyo Franklin Roosevelt alivyouhamisha uhamiaji 1940, na ndivyo Nixon alivyounda mamlaka ya mazingira, EPA, mwaka 1970. Mamlaka hayo ya kuazima yaliisha 1984 na hayajarudishwa.

Na Bunge hufanya kazi kwa kamati. Kila wizara ina kamati inayoisimamia na kamati ndogo inayoikatia fungu, na wenyeviti wa kamati hizo wana wapiga kura, wafadhili na watu wao wa miaka mingi ndani ya wizara. Kuihamisha ofisi kutoka wizara hadi wizara ni kumnyang'anya mwenyekiti fulani sehemu ya himaya yake. Misitu ya taifa iko Wizara ya Kilimo tangu 1905, wakati hifadhi za taifa, ambazo mara nyingi zimepakana nayo uzio kwa uzio, ziko Mambo ya Ndani. Harold Ickes alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1933 hadi 1946, akiwa na rafiki Ikulu na ulimi mkali kuliko wa mtu yeyote katika baraza. Aliitaka misitu hiyo muda wote huo. Hakuipata.

Hata ofisi ikihama, kamati hazihami nayo. Wizara ya Usalama wa Ndani ilikusanya taasisi 22 kutoka pande zote za serikali, walinzi wa pwani, forodha, maafa, wale Secret Service na wengine. Wakubwa wa kamati walizotoka hawakuachia kitu. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 iliandika mwaka 2004 kwamba wakuu wa wizara hiyo changa walikuwa wakiitwa kujieleza mbele ya kamati kuu na ndogo 88. Themanini na nane! Nimewahi kufanya kazi mahali penye mabosi wawili na nusura niache kazi.

Ndani ya wizara ngazi hazina maajabu: waziri, naibu wake, chini yao manaibu wa maeneo, kisha mawaziri wasaidizi, kisha wakuu wa idara na ofisi za mikoani. Watumishi walio wengi hawako Washington kabisa. Wako kwenye hospitali za askari wastaafu, viwanja vya ndege, misitu na vituo vya mpakani. Kinachofaa kutazamwa ni mstari unaotenganisha wateule wa kisiasa na watumishi wa kudumu. Nafasi za uteuzi ni kama 4,000, na kati ya hizo zaidi ya 1,200 lazima zipite Seneti. Orodha yake huchapishwa hadharani, na watu wa Washington huisoma kama wengine tunavyosoma matokeo ya mitihani. Wengine wote, watu wanaozidi milioni mbili kabla ya punguza-punguza ya 2025, walitakiwa kuajiriwa kwa sifa na kubaki hata Ikulu ikibadilika mwenyewe.

Mstari huo nao una tarehe, na ni ya damu. Zamani karibu kila kazi ya serikali, hadi karani wa posta, ilikuwa zawadi ya chama kilichoshinda. Julai 1881 mtu aitwaye Charles Guiteau, aliyejiaminisha kwamba hotuba yake ndiyo iliyomshindisha Rais Garfield na kwamba alistahili ubalozi mdogo wa Paris, alimpiga Rais risasi kwenye kituo cha treni Washington. Garfield alifariki Septemba. Januari 1883 sheria ya Pendleton ikaanzisha ajira kwa mtihani, mwanzoni kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya nafasi zote, kisha ikapanuliwa awamu hadi awamu. Marais wengi waliokuwa wanaondoka waliipanua kwa hila ya wazi: waliwawekea watu wao kinga kabla mrithi hajaapa. Nia haikuwa safi, matokeo yakawa mazuri. Naona serikali nyingi hujengwa hivyo.

Kuhusu taasisi huru sitasema mengi, kwa sababu uhuru wenyewe umekuwa ukibishaniwa mahakamani. Zipo za aina mbili ambazo watu huzichanganya. NASA, CIA na EPA hazina wizara juu yao lakini wakuu wake wanaweza kuondolewa na Rais wakati wowote. Benki Kuu na tume za biashara, mawasiliano au masoko ya hisa ziliundwa kwa makusudi zisimtegemee: wajumbe wana vipindi maalumu, na magavana wa Benki Kuu hupewa miaka 14, muda unaopita hata marais wenye mihula miwili. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1935 ndio uliowalinda wajumbe wa tume dhidi ya kufukuzwa kwa tofauti za kisera, na ndio ambao serikali ya Trump imeusakama.

Ofisi ninayopendekeza mtu aifuatilie kama ana muda wa kufuatilia moja tu haipo hata kwenye orodha ya wizara. Ni ofisi ya bajeti. Ilizaliwa 1921 ndani ya Wizara ya Fedha, ikahamishiwa kwa Rais mwenyewe 1939, na tangu 1970 inaitwa OMB. Kila wizara hupeleka maombi yake ya fedha huko kabla hayajafika bungeni, na kanuni nzito hupita huko kabla hazijatangazwa. Waziri anaweza kupigiwa makofi Seneti siku ya kuthibitishwa, kisha akakatwa makali na mchambuzi wa bajeti asiyejulikana hata jina.

Mwaka 2025 ulikuwa darasa zuri kwa mtu mwenye maradhi yangu haya. Ofisi iliyojiita idara ya ufanisi wa serikali, ile ya Elon Musk, haikuwa wizara hata siku moja. Hakuna sheria ya Bunge iliyoiunda. Ilikuwa ofisi ya huduma za kidijitali ya tangu 2014, ndani ya Ofisi ya Rais, iliyobadilishwa jina kwa amri ya Januari 20. Wizara ya Ulinzi nayo iliruhusiwa na amri ya Septemba kutumia jina la Wizara ya Vita, lakini katika sheria jina lake halijaguswa na amri hiyo. USAID, iliyoanza 1961 na kuandikwa kwenye sheria 1998, ilinyang'anywa kazi hadi Julai 1 kilichosalia kikawa ndani ya Mambo ya Nje, na kesi zikafuata kuuliza ikiwa Rais anaweza kuiua taasisi kwa kuinyima pumzi bila kuifuta.

Wizara ya Elimu ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Reagan aliahidi kuifuta ikiwa haijatimiza hata miaka miwili, akashindwa. Machi 2025 Trump alitia saini amri ya kuanza kuifunga, huku wasaidizi wake wakikiri kwamba kuifuta kabisa kunahitaji kura za Congress. Wakatafuta njia ya pembeni: wizara inabaki na jina na waziri, ila kazi zake zinafanywa na wizara nyingine kwa makubaliano ya maandishi. Ruzuku kubwa za shule zikaelekezwa Wizara ya Kazi, na programu za elimu za wenyeji asilia zikaelekezwa Mambo ya Ndani. Magazeti mengi yaliandika kwamba huo ni mpango usio na mfano. Ofisi ya elimu ya serikali ya shirikisho iliwahi kukaa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuanzia 1869 hadi 1939.